Filimbi Kwenye Shimo la Udongo

Kilima chetu si cha kujivunia. Mtu wa Lushoto akikiona atauliza kama ni kichuguu kilichosahau kuacha kukua. Lakini huku kwetu, ambako ukitembea kutoka Kariakoo mpaka Ilala mwinuko mkubwa unaokutana nao ni lundo la maganda ya machungwa, kile ni kilima, na tunakipa heshima yake. Kiko ng'ambo ya Buguruni, kimelitazama bonde la Msimbazi, na mimi nimekipanda mara nyingi kuliko nilivyofungua kitabu cha hesabu.

Aliyenipeleka kule kwanza ni Bibi, mama yake mama. Bibi ni mfinyanzi. Tunakaa chumba kimoja katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko: yeye kitandani, mimi mkekani, na vyungu kila mahali palipobaki. Wazazi wangu wako kusini, kwenye kijiji cha ujamaa, wanalima korosho za kijiji na kuniandikia nisome kwa bidii. Asubuhi Bibi anapanga vyungu, mitungi na vyetezo vyake sokoni. Jioni naenda kumpokea vilivyobaki, nikivibeba kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu kingine chochote.

Udongo wake unatoka kilimani, ubavuni, mahali pamoja tu. Ameshajaribu udongo wa Jangwani, ukapasuka. Akajaribu wa kule karibu na machinjio, ukanuka mpaka wateja wakauliza ndani ya chungu kuna nini. Udongo wa kilima, anasema, unavumilia moto kama mke wa kwanza.

Ila una masharti. Usiuchimbe ukiwa na hasira. Usigombane shimoni. Na zaidi ya yote, usipige mluzi. Ukipiga mluzi, udongo unasikia, unauhifadhi ule upepo tumboni, halafu siku ya kuchoma unautoa: pa! Chungu kwisha. Nilipokuwa darasa la nne nilipiga mluzi mdogo makusudi, kwa ajili ya sayansi. Vyungu vya moto ule vilipasuka ovyo. Bibi hakunipiga. Alininywesha uji kwenye kigae kwa wiki nzima, nikiangalia nisijikate mdomo. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Uongo. Anayelia gaeni ni mjukuu wake.

Habari za zamani za kile kilima nimezipata kwa watu wawili ambao hawakubaliani. Wa kwanza ni baba mwenye nyumba wetu, mzee mwenye asili ya Uarabuni, ambaye duka lake liko chumba cha mbele na siku hizi linauza zaidi maneno kuliko sukari. Yeye hakiiti kilima, anakiita shamba. Anasema baba yake alikipanda minazi kutoka chini mpaka juu, ikawa ukisimama bondeni huoni ardhi, unaona makuti tu. "Lilikuwa shamba letu," anasema, halafu anatupa jicho mlangoni, maana siku hizi ukiwa na duka na ukasema neno "letu", mtu anaweza kukuita kabaila kabla hujamaliza sentensi.

Wa pili ni Bibi. Yeye anasema minazi hakuikuta. Mkoloni alipotaka barabara aligundua kilima kina changarawe, akakata minazi ya upande wa nyuma, akaking'ata kilima mara tatu za kutosha, akaacha shimo. Minazi iliyobaki ilizeeka ikafa, na wachoma makaa wakamaliza miti mingine yote iliyojiotea. Bibi alipofika Dar na marehemu Babu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, alikuta visiki, mbuzi wa watu na kichaka kimoja cha mipera. Akaparura ubavu wa kilima kwa ukucha, akaonja udongo kwa ulimi, akamwambia Babu: "Hapa tutakaa."

Mimi nilikikuta kikiwa bado ni cha mbuzi. Kisha ukaja mwaka wa njaa, tukaanza kula unga wa njano ule unaoitwa yanga, na tukaambiwa kilimo sasa ni cha kufa na kupona. Kila balozi wa nyumba kumi akapewa kipande cha kilima, na shule yetu ikapewa kipande kikubwa kuliko vyote, upande wenye mteremko mkali, kwa kuwa sisi ni vijana. Mwalimu wetu wa siasa alipanda juu ya kisiki cha mnazi akatangaza: "Asiyelima kilima hiki ni kupe!" Tukalima. Tukavuta matuta kutoka juu kwenda chini, kama vichochoro vya kushukia, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyochora ubaoni na ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa mgongo. Mvua za masika zilipokuja zilifurahi sana kukuta njia zimeshachongwa. Mahindi yetu yalihamia bondeni kabla ya kuvunwa. Udongo mwekundu ukafukia bustani za mchicha za kina mama wa Msimbazi, ukaziba kalavati la barabara, na kilima kikabaki kimekonda, mbavu nje.

Ndiyo maana Jumapili moja, baada ya kazi ya maendeleo, tuliitwa wote kilimani. Mwenyekiti wa tawi alikuwepo, na mwalimu wangu wa siasa alikuwa kando yake akiwa katibu wa kamati mpya ya kilima. Mwalimu akapanda kisiki kilekile.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo kilima hiki ni hifadhi. Ni marufuku kulima, kuchunga, kukata na kuchimba. Tutapanda miarobaini. Atakayekutwa analima ni adui wa taifa!"

Mimi nikamnong'oneza jirani yangu kwamba mwaka jana tulikuwa kupe kwa kutolima na mwaka huu ni maadui kwa kulima, kwa hiyo salama ni kuzaliwa mwaka kesho. Akacheka kwa sauti, akafukuzwa yeye.

Bibi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kufinyanga?"

"Bibi, kufinyanga ruksa."

"Na udongo?"

"Udongo si unachimbwa, Bibi? Kuchimba nimekwisha kusema."

Jioni ile Bibi alikunja nguo zake zote isipokuwa za kuvaa siku zile, akazifunga kwenye shuka, akazungushia kamba ya katani mara nyingi, akaniambia nipandishe furushi juu ya kabati. Nilimwuliza anaenda wapi.

"Nitauza vilivyopo, halafu narudi kwetu."

"Na mimi?"

"Utahamia kwa mjomba wako Buguruni."

Kwa mjomba watoto wanalala kwa zamu. Nikamwambia Bibi kwamba mji ni mkubwa, kazi ziko nyingi, anaweza kuuza hata maandazi. Akaniangalia kama nimempigia mluzi.

"Mimi nina mikono hii kwa kazi hii," akasema. "Bila udongo nitakaa mjini kufanya nini? Kutazama unavyoota ndevu? Hata hizo zenyewe hazijaja."

Hakulia, hakulalamika. Alipika kama kawaida. Lakini kila nilipolala chali nililiona lile furushi juu ya kabati, limekaa kama abiria aliyewahi stendi.

Jumamosi iliyofuata alinichukua twende kilimani. Alitaka udongo wa mwisho, wa kutengeneza chungu kimoja cha kuagia. Miche ya miarobaini ilikuwa imeshapandwa kwa mistari, mifupi kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Bibi akashuka shimoni mwake, akapiga goti, akaanza kuchimba taratibu kwa kipande cha jembe, kimya kabisa, kama anavyotaka udongo wake.

Pyeeee!

Filimbi ilitoka juu ya vichwa vyetu. Bibi akaganda, mikono imezama udongoni. Ukingoni alisimama mlinzi wa hifadhi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu na koti jipya la kaki lililomzidi mabega.

"Toka shimoni, mama! Hapa ni hifadhi!"

"Nani amepiga filimbi kwenye udongo wangu?"

"Mimi. Mlinzi. Toka."

"Kwenu hamuamkii watu?"

Mlinzi akasita. "Shikamoo."

"Marahaba. Umeniharibia udongo. Na unaongea kama mtu wa Songea."

"Ndiko kwetu. Mngoni halisi. Kwani wewe wa wapi?"

"Liwale."

Uso wa mlinzi ukafunguka kama dirisha. "Mngindo! Mtani! Kumbe nimemkamata mtumwa wangu! Nirudishie shikamoo yangu!"

"Umkamate nani?" Bibi naye alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni, miaka kumi imemtoka mwilini. "Babu yako alikuja kwetu na ngao ya ngozi, njaa ikamshika, akaichemsha akaila! Akarudi Songea anapigana na mfuniko wa sufuria!"

"Na babu yako alikuwa wapi? Juu ya mti, anahesabu nyota mchana!"

"Alikuwa anakucheka. Nipe mkono nitoke."

Mlinzi, akicheka, akampa mkono. Bibi akapanda, na mkono wenyewe hakuuachia. Akaipapasa ile mikono ya koti, akasema koti zuri, akamvua filimbi shingoni, akafungua vifungo kimoja kimoja kama anamvua mtoto wa kuogeshwa. Yule mtu akabaki na fulana yenye madirisha. Bibi akaliweka koti begani.

"Nimechukua," akasema.

Mtani akikuchukulia kitu huwezi kukasirika. Ukikasirika umevunja utani, na hata msibani kwenu hawatakuja kukuchekesha. Unachoweza ni kukikomboa, naye ndiye anayetaja bei.

"Mtani," mlinzi akasema, sasa kwa upole, "hilo ni la serikali."

"Serikali si mtani wangu. Wewe ndiye."

"Sema basi. Kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka shimo langu."

"Shimo si langu mimi."

"Hata koti si lako, mbona ulilivaa?"

Tukaenda nyumbani na koti. Udongo tuliuacha palepale, maana Bibi alisema umeshapigiwa filimbi.

Kuanzia siku ile mlinzi akawa anakuja kwetu kila jioni kukomboa koti kwa maneno. Alikaa barazani na fulana yake, akatukanwa, akatukana, akala ugali wa yanga kwa kisamvu, akasema hakijawahi kumea kisamvu kibaya namna ile, akaomba kingine. Baba mwenye nyumba alikuwa akitoka dukani kusikiliza. Nadhani Bibi alifurahi. Lakini furushi halikushuka.

Koti lilitundikwa msumarini, na msumari ulikuwa juu ya mkeka wangu. Sasa niambie, kijana wa kidato cha pili, koti la serikali na filimbi yake vinaning'inia juu ya pua yake kila asubuhi, atafanya nini? Nilikwenda kilimani baada ya shule. Koti lilinifika magotini. Nilifukuza mbuzi, nilifukuza watoto waliokuwa wakiteleza na makuti, nilimfukuza hata kijana mmoja na mchumba wake, ambao hawakuwa wanakata, kuchunga wala kulima. Kazi ile nilikuwa naiweza.

Ndipo nikasikia panga kwenye kichaka cha mipera. Nikajificha nyuma ya kichuguu, nikapuliza filimbi, nikatoa sauti nzito kutoka tumboni:

"Ndugu mwananchi! Weka panga chini! Mikono juu!"

Panga likaanguka. Mikono miwili ikapanda juu ya majani, mkono mmoja umeshika fimbo za mpera, mbichi, nyororo, zimechongwa vizuri. Nilizifahamu. Nimeshakutana na ndugu zao wengi. Mwenye mikono alikuwa mwalimu wangu wa siasa.

Akageuka polepole, akaliona koti, kisha akaiona kaptura ya shule chini ya koti.

"Wewe!"

"Shikamoo, mwalimu."

"Koti hilo umelitoa wapi?"

"Na fimbo hizo, mwalimu, umezitoa wapi?"

Tukatazamana. Upepo ulikuwa mzuri, bondeni mtu alikuwa anafua. Mwalimu akaokota panga lake, akaziacha fimbo, akashuka kilima akitembea kama mtu aliyekuja kupunga hewa. Nikazikusanya zile fimbo, nikazifunga kwa ukindu. Wiki ile shuleni kwetu fimbo ziliadimika kama sukari. Hakuna aliyejua sababu, ila matokeo yalipendwa.

Jumapili kamati ikaja kukagua. Mlinzi alipanga foleni ya ukaguzi peke yake, amevaa fulana yake, kifua mbele.

"Koti liko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Limechukuliwa na mtani wangu, ndugu mwenyekiti. Mngindo."

Mwenyekiti alijaribu kukasirika. Aliuvuta uso chini, lakini kicheko kilipita pembeni. Wakati huohuo Bibi akatokea anapanda njia, koti limekunjwa kichwani kama kata, na nyuma yake mimi nikiwa na mzigo wangu mdogo.

"Mama, umemvua mlinzi wangu?"

"Nimemvua, na nitamvua tena. Alipiga filimbi kwenye udongo."

"Ya utani hayahukumiwi barazani," mwenyekiti akasema, akifuta macho. "Yanakombolewa. Bei yako?"

Hapo Bibi akaacha mzaha. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile mbele ya wakubwa. "Mwenyekiti, mimi sikulima mahindi hapa. Mbuzi sina. Nachimba mahali padogo kwa mkono, tangu huyu mjukuu hajazaliwa. Mkininyima, nguo zangu ziko juu ya kabati, nimeshazifunga. Nitakwenda. Lakini nimeona niulize kwanza."

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu. "Katibu, sheria yetu inasemaje?"

"Iko wazi, ndugu mwenyekiti. Ni marufuku kulima, kuchunga, kuchimba, na ku..."

Macho yake yakanifikia. Nilikuwa nimekaa kwa adabu chini, nimekunja miguu, na mapajani nimelaza fimbo za mpera zilizofungwa kwa ukindu. Nilikuwa nasikiliza tu kama mwanafunzi mwema.

Mwalimu akakohoa. "Ila," akasema, "lipo lile shimo la changarawe la upande wa nyuma. Pale hatukupanda. Hapashiki mti. Kwa maoni yangu, lile shimo si hifadhi kamili."

"Basi achimbe kule," mwenyekiti akaamua. "Yeye na wafinyanzi wenzake, kwa mkono. Huku kwenye miche asiguse."

Bibi akamvika mtani wake koti mwenyewe, akamfunga vifungo. Filimbi akamtia mfukoni.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa ningeishia hapo. Lakini udongo wa shimo la nyuma haukuwa udongo wa ubavuni. Una chembe za changarawe, una kiburi. Bibi aliuchekecha, akaukanda, akafinyanga, akaanika kivulini, akachoma bondeni kwa makumbi ya nazi tuliyookota sokoni. Tukakaa kando ya moto, tunasikiliza. Pa. Pa. Kimya. Pa. Moto ulipopoa tulitoa vigae zaidi ya vyungu.

Bibi alivitazama muda mrefu. Mlinzi alikuwepo, hakutukana.

"Ni ile filimbi," Bibi akasema mwishowe. "Imo kilimani bado."

Nikajua anahesabu mabasi ya kusini kichwani.

Mlinzi akavua kofia. "Mtani, mimi ndiye niliyeipiga. Tukachimbe tena. Nitasimama mimi."

Na kweli alisimama. Asubuhi ya siku ya pili alikaa ukingoni mwa lile shimo la mkoloni, koti lake limefungwa mpaka shingoni, kidole mdomoni. Wachunga mbuzi waliopita chini wakipiga miluzi aliwashukia mbio, akawanyamazisha kwa mikono bila kutoa sauti, kama kiziwi aliyekasirika. Nilipiga chafya akanionyesha ngumi. Hata kunguru mmoja alirushiwa bonge la udongo. Bibi alichimba ndani ya ukimya ule kwa raha zake. Nyumbani akavitwanga vile vigae vya moto wa kwanza vikawa unga, akauchanganya na udongo mpya, akasema waliokufa watawashika mkono walio hai.

Siku ya kuchoma tulikuwa watatu kando ya moto, hakuna aliyepumua vizuri. Makumbi yakaungua, yakawa makaa, yakawa majivu. Pa moja tu.

"Umepumua," Bibi akamwambia mtani wake.

"Amepumua mjukuu wako."

Bibi alivitoa vyungu kimoja kimoja, akavigonga kwa kifundo cha kidole. Vililia kama kengele ya shule, ila vizuri zaidi. Mtungi mmoja akampa mlinzi kwa ajili ya kibanda chake. Yeye akanywa maji yake, akatema, akasema yana ladha ya Kingindo, akauficha mtungi nyuma ya mlango mtu asimwibie.

Jioni ile Bibi aliniambia nishushe furushi. Nikalishusha. Akalifungua bila haraka, akazitundika nguo misumarini, akaikunja kamba ya katani akanikabidhi.

"Ifunge kwenye kikapu," akasema. "Kile cha udongo kimekatika mkono."

Kamba ile sasa imegeuka nyekundu, hata ukiifua hairudi. Mwalimu amepata fimbo mahali pengine, sijui wapi, na zangu za siku ile kilimani zimeshanifika zote. Miarobaini inanifika kiunoni. Na usiku nalala chali mkekani, vyungu vimenizunguka, juu ya kabati hakuna kitu, nikijizuia kupiga mluzi hata ndotoni.